Ami yetu ameacha makabati ya vitabu na tableti iliyojaa vitabu vya kununua: je, vyote ni mali ya kurithiwa?

Mjukuu wa Mkomani

Assalaam alaikum. Nina suala ambalo limetugawa nyumbani, na ningependa kusikia rai za wenye elimu ya sheria, ya dini na ya kompyuta, kwa sababu hapa Mkomani, Lamu, kila mmoja wetu anaona lake.

Ami yangu, ambaye alisomesha kwa miaka mingi na alipenda vitabu kuliko kitu chochote cha dunia, amefariki na kuacha mjane, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Kuhusu nyumba na shamba hakuna mzozo. Mzozo umekuja kwenye vitabu. Chumbani mwake mna makabati mawili ya vitabu vya karatasi, vingine vya Kiarabu vilivyochapishwa Misri na Bombay kabla yeye hajazaliwa, vingine vya Kiswahili na Kiingereza alivyokuwa akivinunua kila akishuka Mombasa. Pamoja na hivyo kuna tableti moja ambayo, macho yalipoanza kumsumbua, alihamishia usomaji wake wote. Vitabu vya humo alivinunua kwenye duka moja kubwa la mtandaoni ambalo halina haja ya kutajwa. Risiti zimo katika barua pepe yake, na ukizijumlisha unakuta kwamba fedha alizozitumia huko zinazidi thamani ya makabati yote mawili.

Alipokuwa mgonjwa aliusia mbele ya mashahidi kwamba vitabu vyake viwekwe wakfu kwa madrasa aliyosoma utotoni. Hakubagua vya karatasi wala vya tableti. Alisema tu "vitabu vyangu". Mwanawe mkubwa anashikilia kwamba wasia ule unahusu makabati peke yake, na kwamba tableti ni chombo tu, iuzwe kama inavyouzwa simu na fedha zake zigawanywe. Mdogo wake anasema kitabu ni maneno yaliyomo ndani, si karatasi, na kwamba kilichonunuliwa kwa fedha halali ni mali ya aliyenunua, kwa hiyo vitabu vya tableti navyo vimeingia katika wasia. Dada yao aliwasikiliza wote wawili, kisha akauliza swali lililotunyamazisha: ikiwa vitabu vile haviwezi kukabidhiwa mtu yeyote, basi baba alinunua nini?

Naomba msaada wenu kabla hatujaenda kwa Kadhi, kwa maana sitaki twende huko tukiwa hatujui hata namna ya kuliuliza suala lenyewe.

Wakili wa Bandarini

Wa alaikum salaam. Poleni kwa msiba, na Mola amrehemu mzee wenu.

Jibu la sheria kwa swali la dada ni chungu lakini liko wazi. Marehemu alinunua ruhusa ya kusoma. Hakununua nakala. Masharti ya maduka makubwa ya vitabu vya kidijitali, yale ambayo karibu hakuna anayeyasoma kabla ya kubonyeza, husema hivyo bila kificho. Amazon, kwa mfano, imeandika kwamba vitabu vya Kindle, chombo chake cha kusomea, hutolewa kwa leseni na haviuzwi. Leseni hiyo ni ya mtu binafsi, na hairuhusiwi kuuzwa, kukodishwa wala kuhamishiwa mwingine. Sijaona masharti ya duka alilotumia ami yako, lakini ningeshangaa kama ni tofauti.

Kwa vitabu vya karatasi, suala hili lilimalizwa zamani. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Bobbs-Merrill dhidi ya Straus. Mchapishaji alikuwa ameandika ndani ya kitabu kwamba kisiuzwe kwa bei iliyo chini ya dola 1, na duka la Macy's likakiuza kwa senti 89. Mahakama ikasema kwamba mchapishaji akishauza nakala yake, hana tena mamlaka ya kumwelekeza mnunuzi jinsi ya kuiuza. Nchi nyingi zina kanuni inayofanana na hiyo, na ndiyo inayowawezesha wauzaji wa vitabu vya mitumba kutandaza bidhaa zao barabarani bila kuomba idhini ya mwandishi hata mmoja.

Watu walipojaribu kuipeleka kanuni hiyo kwenye faili za kompyuta, mahakama zilikataa. Huko Marekani kampuni ya ReDigi, iliyotaka kuwawezesha watu kuuziana muziki wa kidijitali waliokwisha kuununua, ilishindwa katika mahakama ya rufaa mwaka 2018. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Desemba 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua hivyo hivyo katika kesi ya Tom Kabinet, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikiuza vitabu vya kidijitali vilivyokwisha kutumika. Sababu moja waliyoitoa majaji inafaa kutafakariwa: nakala ya kidijitali haichakai. Kitabu cha karatasi kikifika mkono wa tatu kimeshakunjika na kuchanika, hivyo hakishindani sana na kipya, lakini faili ya mkono wa kumi ni sawasawa na ile ya kwanza, na soko la mitumba la namna hiyo lingemaliza soko la mwandishi. Hoja hiyo siipendi, lakini siwezi kusema kwamba ni ya kipuuzi.

Hukumu hizo hazimfungi Kadhi wa Lamu wala hakimu yeyote wa Kenya. Hata hivyo mkataba wa ami yako ulikuwa na kampuni ya nje, faili ziko kwenye seva za nje, na mwenye uwezo wa kuzifunga ni huyo huyo wa nje. Mwezi wa Julai 2009 Amazon ilifuta kutoka mbali nakala za vitabu viwili vya George Orwell zilizokuwa zimekwisha kuingia katika Kindle za wateja, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Wateja walirudishiwa fedha zao, na Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, akaomba radhi hadharani. Radhi ilikuwa nzuri, lakini iliyonishughulisha mimi ni kwamba jambo lenyewe liliwezekana. Muuza vitabu wa Mombasa, hata akigundua kwamba amemuuzia ami yako kitabu cha wizi, hawezi kuingia nyumbani kwenu usiku akakitoa kabatini na kuacha noti mezani.

Jimbo la California limepitisha sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomlazimu muuzaji wa bidhaa za kidijitali kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni, la sivyo asimwambie kwamba ananunua. Ingekuwa vyema kama ingekuwepo hapa kwetu wakati mzee alipokuwa akilipa.

Maalim wa Langoni

Mola awape subira. Ndugu Wakili ameeleza vizuri, lakini ameeleza kwa upande wa kampuni. Kwa kuwa suala litafika mbele ya Kadhi, ambaye kifungu cha 170 cha Katiba kimempa mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu, inafaa tulitazame kwa upande wa fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, pia, na huko mambo hayako mepesi kama mwana mkubwa anavyodhani.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu pwani hii tunayafuata, mali haiishii kwenye kitu cha kushikika. Manufaa nayo ni mali. Mtu akikodi nyumba kwa mwaka mmoja na akalipa, kisha akafa katikati ya mwaka, ijara, yaani mkataba wa kukodi, haivunjiki. Warithi wake wanaukamilisha muda uliobaki, kwa maana haki ya kukaa mle ilikuwa na thamani na imehamia kwao. Wanazuoni wa Hanafi wanakwenda njia nyingine, na kwao ijara huvunjika kwa kifo. Kwa hiyo anayesema kwamba vitabu vya tableti si chochote kwa kuwa havishikiki, anajenga hoja yake juu ya msingi ambao madhehebu yetu hayaukubali. Zaidi ya hayo, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zenye thamani ya fedha na haijuzu kuzivamia. Hilo linamlinda mwandishi, na linatubana na sisi.

Hata hivyo, kuwa mali ni jambo moja na kuwa mali inayohama kwa kifo ni jambo jingine. Mbali na ijara kuna ariya, yaani kuazimwa. Aliyeazimwa kitu hunufaika yeye mwenyewe tu. Hawezi kumwazima mtu mwingine bila idhini, na akifa ariya imekwisha, warithi wanatakiwa kukirudisha kitu kwa mwenyewe. Sasa yatazameni masharti aliyoyataja ndugu Wakili: usiuze, usikodishe, usimpe mwingine, ni yako wewe peke yako. Hayo ni masharti ya ariya kabisa. Lakini ariya haina malipo, na mzee wenu alilipa, tena alilipa bei inayokaribia ya kitabu cha karatasi. Alitoa fedha za mnunuzi akapewa haki za aliyeazimwa. Mimi sisemi kwamba mkataba huo ni batili, kwa kuwa Waislamu hufuata masharti yao, na aliyekubali sharti amekubali. Nasema tu kwamba binti wa marehemu alihisi kasoro mahali ambapo kasoro ipo kweli.

Kuhusu wasia, kuna mambo mawili. La kwanza ni kwamba wasia kwa asiyekuwa mrithi haupiti theluthi moja ya kilichobaki baada ya gharama za maziko na madeni, kwa hiyo vitabu vya karatasi vithaminiwe kwanza na mtu anayejua vitabu, si kwa kukisia. Vile vya Misri na Bombay huenda vikawa na thamani kuliko mnavyofikiri. La pili ni kwamba wakfu, kwa Shafi, huwekwa juu ya kitu chenyewe kinachomilikiwa, ambacho manufaa yake yanapatikana huku dhati yake ikibaki. Mwenye manufaa peke yake, kama yule mpangaji wa nyumba, hawezi kuyawekea wakfu. Wafuasi wa Imamu Maliki wanaruhusu, lakini hata kwao wakfu hauwezi kupita haki aliyokuwa nayo mwenyewe, na haki ya mzee kwa mujibu wa mkataba imekoma. Kwa hiyo neno lake "vitabu vyangu" litafasiriwa juu ya vile alivyovimiliki, yaani vya makabatini. Hatumtuhumu kwamba alisahau vile vingine. Alivitaja vyote kwa nia njema, na ujira wa nia uko kwa Mola wake.

Tableti yenyewe ni chombo na inarithiwa kama kilivyo chombo kingine chochote. Mthamini aseme ingepata shilingi ngapi sokoni ikiwa tupu. Msijumlishe risiti. Risiti ni habari za fedha zilizokwisha kutoka, na hakuna mnunuzi atakayezilipa.

Fundi wa Mokowe

Shikamoo Maalim. Mimi ni fundi wa simu na kompyuta, sina elimu ya mirathi, lakini kuna jambo ambalo naona linachanganywa. Ndani ya tableti ile mna vitu vitatu. Kuna chombo, kuna akaunti, na kuna faili. Chombo mmekwisha kukubaliana. Akaunti ni mkataba wa marehemu na duka. Faili ndizo zinazohitaji kutazamwa moja moja, kwa sababu si zote zina hukumu moja.

Vitabu vingi vinavyouzwa na maduka makubwa vina kufuli la kidijitali, yaani faili imesimbwa kwa namna ambayo haifunguki ila kwa chombo kilichosajiliwa kwa akaunti ile. Lakini si vyote. Wapo wachapishaji waliokataa kuweka kufuli. Tor, kampuni inayojulikana kwa riwaya za kisayansi, iliondoa kufuli katika vitabu vyake tangu 2012. Kuna pia vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, kama vile vinavyotolewa bure na Project Gutenberg, mradi ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971. Mkikuta faili za namna hii ya pili, aghalabu za muundo wa EPUB, mnaweza kuzinakili kwenye flashi na kuzipeleka madrasa bila kumwomba mtu. Vile vya hakimiliki iliyokwisha havina mwenyewe tena. Vile visivyo na kufuli lakini bado vina hakimiliki, muulizeni Maalim kwanza, kwa sababu kuweza kunakili si sawa na kuruhusiwa.

Kwa hiyo ningemjibu dada hivi: jambo linaloamua si karatasi wala kioo. Linaloamua ni kama kitabu kinaweza kufunguka siku ambayo aliyekiuza hayupo, au hataki. Microsoft ilikuwa na duka la vitabu. Ikatangaza mwezi wa Aprili 2019 kwamba inalifunga, na kufikia Julai vitabu vikaacha kufunguka. Wanunuzi walirudishiwa fedha, na waliokuwa wameandika maelezo yao pembezoni mwa kurasa wakaongezewa dola 25. Amazon nayo, tarehe 26 Februari 2025, iliondoa njia iliyowawezesha wateja kupakua vitabu vyao kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya, na njia hiyo ndiyo watu wengi walikuwa wakiitumia kuweka nakala ya akiba.

Najua mtu atakuja kuuliza kuhusu programu za kuvunja kufuli. Zipo, nazifahamu, na siziweki dukani kwangu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakataza kuvunja vizuizi vya namna hiyo.

Mtunza Hati

Naomba niongeze neno kwa upande wa karatasi, kwa maana nikiwasoma naona kama mmeipa sifa isiyo yake. Anayetunza vitabu katika mji huu anajua kwamba maadui wake hawana haja ya kuingia mtandaoni. Mchwa wanapanda ukutani, unyevu unaingia madirishani, na hewa ya chumvi inakausha ngozi ya majalada mpaka inapasuka. Mji wa Siyu ulikuwa na sifa kubwa ya kunakili misahafu kwa mkono, na kazi yake iliyosalia leo ni sehemu ndogo tu.

Ndiyo sababu hati za Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Swaleh, zilipigwa picha za kidijitali kupitia mradi wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, wa nyaraka zilizo hatarini. Baadhi ya hati hizo zina maandishi ya wakfu ndani yake, yaani ni vitabu vilivyotolewa kwa njia ile ile ambayo ami wa ndugu yetu alitaka kuvitoa vyake. Mtu anaweza kuzisoma akiwa popote bila kuzigusa, na kila anayezisoma kwenye kioo ameipunguzia karatasi kazi. Kisha mwezi wa Oktoba 2023 British Library ikashambuliwa na wahalifu wa mtandaoni, na huduma zake nyingi za kidijitali, pamoja na maktaba yake ya hati zilizopigwa picha, zikakatika kwa muda mrefu. Karatasi za Riyadha zilikuwa hapa Amu, yaani Lamu, muda wote huo. Lakini lau zingeungua mwaka mmoja kabla, tungekuwa tunashukuru kwamba kuna picha London.

Kwa hiyo sikubali kwamba kimoja ni mali na kingine ni kivuli. Picha zile ni mali, na zimetunzwa kama mali. Lakini kuna aina ya kitabu cha kidijitali ambacho kimetengenezwa makusudi kisirithike, na hata maktaba zinabanwa nacho. Mwaka 2011 mchapishaji HarperCollins aliziwekea maktaba sharti kwamba kitabu cha kidijitali kikishaazimwa mara 26, leseni yake imekwisha na lazima inunuliwe upya. Maelezo yalikuwa kwamba hicho ndicho kiasi ambacho kitabu cha karatasi hudumu kabla ya kuchakaa. Ningependa kumwonyesha aliyetoa maelezo hayo vitabu vya madrasa zetu, ambavyo vimepita mikononi mwa vizazi vya watoto na bado vinasomwa, ingawa baadhi vimeshonwa kwa uzi wa kushonea kofia.

Bint Shela

Nimewasoma kaka zangu na Maalim kwa adabu, lakini naona nyote mnakizungumzia kitabu kana kwamba ni kiwanja: nani ana hati, nani anaweza kuuza, nani atarithi. Mimi macho yangu ni dhaifu tangu nikiwa msichana. Makabati mawili ya ami yenu, hata mkinipa yote kwa hiba, kwangu ni mbao na vumbi. Kwenye tableti nakuza herufi mpaka neno moja linajaa nusu ya kioo, na usiku nikichoka mashine inanisomea. Ndugu yetu mwenyewe amesema kwamba mzee alihamia huko macho yalipomsumbua. Basi mjue kwamba alipolipa alinunua miaka kadhaa ya kusoma ambayo karatasi ilikuwa imekwisha kumnyima. Hilo ndilo jibu langu kwa dada. Mtu haulizwi liko wapi pishi la mchele alilokula mwaka jana.

Kenya imeingia katika Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao unaruhusu vitabu kugeuzwa kuwa katika hali wanayoweza kuisoma wasioona bila kumwomba idhini mwenye hakimiliki. Kufuli analolizungumzia Fundi, mara nyingine, linamzuia hata huyo ambaye mkataba umemruhusu. Mkitaka kuilalamikia kampuni, anzieni hapo.

Wakili wa Bandarini

Bi Shela amenirekebisha, na namshukuru. Ningetenganisha tu mambo mawili: kama mzee alipata thamani ya fedha zake, huenda alipata, na pengine zaidi. Kama kuna kilichobaki cha kugawa ni suala jingine, na ndilo walilonalo warithi.

Mjukuu wa Mkomani

Nawashukuru nyote. Nimewasomea binamu zangu majibu yenu barazani, na yule mdogo, aliyekuwa mkali kuliko wote, amekubali kwamba vitabu vya duka haviingii katika wakfu. Makubaliano tuliyoyafikia, ikiwa Kadhi hatakuwa na pingamizi, ni kwamba vitabu vya makabatini vithaminiwe na viende madrasa maadamu havipiti theluthi, na tableti ithaminiwe kama chombo kitupu, kisha dada aichukue katika fungu lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akimsomea baba kabla ya kuinunua.

Lakini tulipoifungua kutazama faili, kama Fundi alivyoshauri, tumekuta jambo ambalo hatukulitazamia. Mna maandishi ya ami mwenyewe. Ni masomo aliyokuwa akiwaandalia wanafunzi wake, tenzi mbili alizozitunga, na maelezo marefu ya nasaba na mitaa ya Amu, yote ameyapiga chapa mwenyewe. Pia ndani ya vile vitabu vya kununua ameandika maelezo yake pembezoni karibu kila ukurasa. Haya nayo tuyaweke wapi?

Wakili wa Bandarini

Hayo ndiyo mali ya kidijitali ya marehemu, tena bila shaka yoyote. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kazi ya maandishi inalindwa katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, na haki hiyo huhama kwa wasia au kwa mirathi kama mali nyingine inayohamishika. Haikuhitaji kusajiliwa wala kuchapishwa. Inawezekana kabisa kwamba faili zile chache, ambazo hazina risiti hata moja, ndizo zenye thamani kuliko vitabu vyote vya duka, na ni za warithi wote kwa mafungu yao, si za atakayechukua tableti. Andikeni makubaliano ya nani atazisimamia kabla mtu hajaja kutaka kuzichapisha.

Maalim wa Langoni

Naafiki. Na kama aliziita nazo "vitabu vyangu" alipokuwa akizungumza na watu, muwaulize mashahidi, kwa maana hapo wasia unaweza kuzigusa.

Fundi wa Mokowe

Basi kabla ya yote hayo, naomba mfanye haraka jambo moja. Zimeni intaneti ya tableti hiyo leo, na msiijulishe kampuni kwamba mteja wake amefariki mpaka mmemaliza. Maandishi yake mwenyewe yanakilini kwenye flashi mbili na mziweke nyumba mbili tofauti. Maelezo ya pembezoni ni shida zaidi, kwa sababu yamefungamana na akaunti, na akaunti ikifungwa yanakwenda nayo pamoja na vitabu. Programu nyingi za kusomea zina sehemu ya kuyatoa maelezo peke yake kama faili ya maandishi au kuyatuma kwa barua pepe, lakini kitabu kimoja kimoja, kwa hiyo itahitaji mtu mwenye subira. Maneno ya mzee ni yake, ila programu nyingine hukata nukuu za kitabu chenyewe zikizidi kiasi fulani, hivyo mkikuta maelezo yanayorejelea sentensi isiyoonekana, upigeni picha ukurasa huo kwa simu. Na msikubali mtu yeyote airejeshe tableti katika hali ya kiwandani ili "iwe safi" kabla ya kuthaminiwa. Nimewaona wengi dukani wakilifanya hilo kwanza, kisha wakaja kuniuliza kama kuna namna ya kulirudisha nyuma.